Kurudi Reanimasyo Kuuliza Waliniimbia Nini

Mimi ni mtu wa kufikiri kupita kiasi, na chuo kikuu kiliniongezea tu. Tangu nitoke hospitali ya Goma, ambako nimonia ilinilaza kwenye mashine ya kupumulia katika chumba cha wagonjwa mahututi, kile tunachokiita reanimasyo, kumbukumbu mbili hazikuniacha: watu wengi wakiimba taratibu wimbo wa kanisa, na mikono ikinimwagia maji kichwani. Kwetu mtu huimbiwa na kuoshwa hivyo akiwa amekufa. Nikahitimisha kwamba mama yangu alikata tamaa, akaanza matanga yangu huku nasikia. Sikuthubutu kumuuliza. Nilikuwa naketi naye mezani bila kumtazama usoni. Daktari alipoagiza nirudi kupimwa mapafu, niliamua kwenda peke yangu na kuwauliza waliokuwepo.

Kiwanja, mji wetu, baada ya chakula cha mchana. Mama alitaka kunisindikiza.

"Na ukizimia njiani?"

"Nitazimia nimekaa, mama."

Hakucheka. Nilipanda gari, kiti cha mbele, nikirudia swali langu kimoyomoyo, kwa Kiswahili, kisha kwa Kifaransa, kisha kwa namna isiyoweza kumuudhi mtu.

Rumangabo. Dereva, niliyekuwa nimemwambia naenda hospitali, alisimama tukanunua mahindi ya kuchoma.

"Mademoiselle, mugonjwa wako kule Goma ni nani?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Wewe? Mugonjwa gani anashindana na mahindi hivi!"

Abiria wakacheka. Nikatazama gunzi mkononi. Kweli, halikuwa na punje hata moja.

Munigi, jioni. Mama mdogo alinipokea kwa bugali na sombe ya majani ya muhogo. Aliposikia nia yangu, alisukuma sahani.

"Mutu akiponyoka kwa simba, anarudi kumuhesabu meno?"

"Anarudi, kama hajui aliumwa wapi."

Goma, asubuhi. Pikipiki ilinishusha getini mapema. Nilipokaribia mlango wa reanimasyo, wimbo ukaanza. Ule ule. Nikashika ukuta. Nani amekufa humo ndani? Geti lilikuwa nyuma yangu, wazi. Nikasukuma mlango.

Walikuwa wauguzi. Waliomaliza zamu ya usiku na waliokuja kuwapokea walisimama pamoja kando ya meza, mmoja bado ameshika mfuko wa mandazi. Vitandani wagonjwa walikuwa wakipumua. Waliposema amina, wakaanza kuelezana hali ya kila mmoja.

Muuguzi mkuu, Mama Furaha, alinitambua kabla sijajitambulisha.

"Angalieni! Ule mutoto wa mashine! Umenona!"

Maneno yote niliyoyapanga yakapotea. "Mama, mlikuwa mnaniimbia mimi? Kwa sababu nakufa?"

"Tunaimba kila asubuhi mbele ya kuanza kazi. Wewe ulikuwa hapa tu, ukasikia."

"Na mama yangu? Alikubali kwamba nimekwisha?"

Akavuta kiti, akanikalisha.

"Siku moja daktari alimwambia ajitayarishe. Akatoka. Tukasema anaenda kulia. Akarudi na beseni na kitana! Tukamukatalia, akatushinda. Akasema, 'Huyu akiamuka na nywele hizi, atanigombeza.' Akakuosha kichwa, akakusuka. Alikuwa anakuambia ukae vizuri, eti unamutingishia mukono. Na wewe hata kidole ulikuwa hauchezeshe."

Daktari alisikiliza mapafu yangu, akasema yako safi. Ilibidi aniambie tena, maana sikuwa namsikia.

Kiwanja tena, jioni iliyofuata. Njia nzima sikupanga neno. Mama alikuwa jikoni akichambua maharage. Nikamweleza yote niliyoyasikia na yote niliyoyadhani. Akaweka ungo chini.

"Kumbe ndiyo sababu ulikuwa unanuna mezani?"

"Ndiyo, mama."

"Miye nikasema chumvi yangu imezidi! Nimepunguza, nimepunguza, baba yako ananilalamikia kila siku, na we mutoto uko unazika watu kichwani!"

Nimesafiri hadi Goma nikajifunza hili: mtu anaweza kulipanga swali miezi mizima, kwa lugha mbili, na mwenye jibu yuko jikoni anapunguza chumvi.