Kompyuta Mpya na Mbuzi wa Babu Yako

Mwanangu, jana ulinipigia simu kutoka Dadaab ukilalamika kwamba ofisini wamewabadilishia mfumo wa kompyuta na kila kitu ulichokizoea kimehamishwa. Nilicheka, usinikasirikie. Nilikumbuka asubuhi moja ya siku ya soko la mifugo hapa Garissa, nikiwa msichana, nimeajiriwa juzijuzi kuchapa vibali vya kusafirisha mifugo.

Nilikuwa na mikono myepesi, mashallah, na nilijua hivyo. Wiki ile wakatuwekea mfumo mpya. Ukibonyeza kitu, unaulizwa kama una hakika. Ukijibu, unaulizwa tena. Alama ya kuchapisha ilifichwa sijui wapi, na kabla sijaipata, skrini inazimika na kudai nywila upya. Nje lori la mbuzi limesimama juani, na mbuzi wale walikuwa wa aabo, yaani babu yako, riziki ya nyumba yetu nzima. Unalijua jua la Garissa. Bila kibali, askari wa kizuizi cha darajani wangelirudisha lori, na mbuzi waliobanana vile wasingefika adhuhuri wote wakiwa hai.

Nikapiga meza. Nikasema mbele ya watu kwamba sichapi kitu mpaka nirudishiwe mfumo wa zamani.

Aabo akaingia, vumbi hadi kwenye nyusi. Kompyuta hakuijua wala hakujifanya anaijua.

"Wewe binti, ile ngamia ya Rhamu unakumbuka?"

Nilimkumbuka vizuri. Tulipomleta nyumbani kutoka mji wa Rhamu alikataa kukamuliwa upande tuliouzoea sisi.

"Ilikataa upande yetu. Mimi nilipiga? Nilirudisha Rhamu?"

"Hapana, aabo. Ulizunguka ukamkamua upande wa pili."

"Haya. Zunguka."

Akatoka kwenda kuwamwagia mbuzi wake maji.

Uso uliniwaka. Kisha nikaacha kuitafuta ile alama. Chuoni tulifundishwa vitufe viwili ambavyo ukivibonyeza pamoja, karatasi inachapwa bila kupitia kwenye menyu. Nikavibonyeza, na printa ikanguruma! Lori likavuka daraja jua halijawa kali. Na aabo, mtu asiyesifu hata ngamia wake mbele za watu kwa kuogopa kijicho, alisimama mlangoni akawaambia wafanyabiashara wote, "Hiyo ni binti yangu." Mpaka leo nikikumbuka kifua kinanipanda.

Baadaye nilizipanga alama zangu zote kwenye skrini, nikaizuia kompyuta kulala ovyo. Yale maswali yake sikuyapatia dawa. Niliyajibu nikaendelea na kazi, na haukupita muda wenzangu wakawa wanakuja kwangu kuuliza.

Basi mwanangu, usimalize nguvu zako kugombana na mashine. Kwanza kumbuka ni nani anakungoja nje, na anangoja nini. Kisha tafuta njia nyingine ya kumfikishia. Kinachorekebika kirekebishe, kisichorekebika kipite, na ukishajua mlango wa nyuma uko wapi, mwonyeshe mwenzako bila kumringia. Kuringa niachie mimi, maana mlangoni kwangu hapa, kama aabo siku ile, nami nina mwana wa kumsifia.

Allah akupe subira ya babu yako na wepesi wa mikono ya mama yako. Na kila aliyesimama juani kukungoja, aondoke akikuombea dua.