Mto wa Mezani

Juzi mjukuu wangu alichora vita mchangani, akamzuia mwenzake: "Hapa hupiti, iko mto!" Nikawafokea, wakashangaa. Nilikuwa nimekumbuka alasiri moja kwenye kambi ya Wadachi, Wajerumani wale, hapa Rumonge.

Baba alikuwa askari wao. Afisa, kiko chake kikinuka, alimwaga mchanga mezani, akajenga vilima, akalaza utepe wa buluu uwe mto. Vijiti vilikuwa majeshi. Baba akimshinda katika mchezo huo wa vita, angepewa ruhusa aende Ujiji kumwona mama yake mgonjwa.

Nilikuwa binti mdogo, nimemletea baba ugali wa muhogo. Nikaona vijiti vyake vimekwama darajani, nikapiga kelele: "Baba, pitisha kwenye matete! Maji iko ya magoti, sisi tunavuka na vikapu vya chikichi!"

Afisa akagonga meza. "Daraja tu!"

"Nyamaza, mama," baba akaniambia. "Mto wa Wadachi hauvukwi kwa magoti."

Akashindwa.

Nilidhani ule ni mto wetu wa Dama. Sasa najua ulikuwa wa Ulaya, ambako babu zao walipigana na Wafaransa. Kujua hakunipozi. Bibi alizikwa Ujiji baba akiwa lindoni, kwa sababu ya mto ambao hata kuku angeuvuka.