Mkungu wa Kigango

Harufu ya kungu zilizoiva hadi kuanza kuoza ndiyo kanisa langu la kwanza. Ubani nilikuja kuujua baadaye. Kigango chetu kilikuwa banda la udongo lililoezekwa kwa makuti, chini ya vilima vya Pugu, na mlangoni ulisimama mkungu mmoja mkubwa. Kungu zilianguka, zikapondwa na miguu ya waumini, utamu wake ukachanganyika na vumbi na jasho la watu waliovaa nguo zao nzuri. Enzi hizo Mwingereza ndiye aliyetawala, na baba alikuwa mwalimu wa dini hapo. Alitoka Uluguru na mama wakiwa vijana, akakabidhiwa kengele, katekisimu na nyumba ya vyumba viwili, akavitunza kama mboni ya jicho lake. Tulizaliwa watoto wawili: dada yangu Skola, aliyekuwa na miaka kumi au karibu na hapo, na mimi niliyemfuata. Jumapili, Skola ndiye aliyeanzisha nyimbo. Sisi wengine tulidandia tu.

Padri alitujia kutoka misheni mara moja kwa mwezi, kwa motokaa nyeusi iliyoendeshwa na dereva wake. Alikuwa mtu mwema. Nalisema hili mapema, maana nitakayoyasimulia yanaweza kumfanya msomaji amwone jitu. Alimjua kila mtoto kwa jina, na alichokipenda kuliko vyote pale kwetu ni ule mkungu. Ulipofika wakati wake, majani yake mapana yaligeuka moja moja, manjano kwanza, kisha mekundu ya kuiva, yakaanguka na kutoa mchakacho kidogo juu ya mchanga uliofagiliwa. Padri alituambia kwamba kwao Ulaya misitu mizima hugeuka hivyo kabla ya baridi, na akisema hivyo machozi yalimlenga. Alitukalisha chini ya mti, akampa kila mtoto jani lake, akatufundisha. Jani limemaliza kazi, alisema. Mungu akiliita haling'ang'anii tawi, bali hujipamba kama bibi harusi, likaenda. Nasi tujifunze kufa hivyo. Baba aliyarudia maneno hayo kwa sauti kubwa ili waliokaa nyuma wasikie, kisha akayarudia nyumbani wiki nzima. Yalikuwa mafundisho mazuri, na mimi nililala na jani langu chini ya mto.

Majani yakiwa bado yanaanguka, Skola akashikwa na homa. Alipewa kwinini, akaitapika. Mama alimkanda kwa kanga iliyolowekwa maji, na kanga ikakauka juu ya mwili wake huku tukiitazama. Ilipofika Jumapili ya Padri, Skola alikuwa hatambui mtu, na shingo imekakamaa. Hospitali ilikuwa mjini. Kwa miguu, na mgonjwa wa hali ile, lilikuwa jambo lisilowezekana. Kwa motokaa ungefika kabla maharage hayajaiva. Baada ya misa Padri aliingia chumbani kwetu, akampaka Skola mafuta matakatifu, mimi nimeshika mshumaa. Alipomaliza, mama akapiga magoti. Sikuwa nimewahi kumsikia akizungumza na Padri nje ya kusalimia.

"Baba Padri, naomba motokaa. Imfikishe mtoto hospitali."

Padri alimwinua kwa upole. Alisema kwamba kigango cha pili watu wanamngoja tangu alfajiri, hawajala wala kunywa, wanangoja komunyo. "Na safari itamtesa bure, Mama. Mtoto huyu yuko tayari. Unakumbuka habari ya majani?"

Mama akamgeukia baba. "Baba Skola, sema naye. Wewe atakusikiliza."

Baba, ambaye akisoma Injili sauti yake ilifika barabarani, alitazama miguu yake. Akasema, "Mapenzi ya Mungu yatimizwe." Padri akaweka jani jekundu kifuani pa Skola, akatubariki, akatoka. Tulisikia motokaa ikiwaka. Jua halijazama, dada yangu akafa.

Haikupita miezi mingi, Padri naye akaanguka kwa homa, papo hapo kigangoni kwetu, katikati ya misa. Baba na dereva walimbeba kwa mbio. Nilisimama chini ya mkungu nikaona wanavyomlaza kiti cha nyuma. Alikuwa mrefu, lakini alipokunjwa magoti alienea, na baba akapata nafasi ya kukaa na kumpakata kichwa. Nilimpima Skola kwa macho mahali pale. Angeenea, na mama pia, na nafasi ingebaki. Motokaa ilikwenda mjini moja kwa moja, na hakuna aliyethubutu kumkumbusha Padri habari ya majani.

Alipona. Alirudi Novemba, amekonda, kuadhimisha siku ya marehemu, na akaagiza kila nyumba ilete jani jekundu kwa ajili ya marehemu wake, liwekwe mbele ya altare. Huenda kwao Novemba ndiyo wakati wa majani kuanguka. Kwetu mvua za vuli zilikuwa zimeanza, mahindi yanachomoza, mkungu umevaa majani mapya yanayong'aa. Watu walihangaika vichakani kutafuta wekundu. Mama hakuhangaika. Aliinamisha tawi mbele ya macho ya wote, akakonyoa jani bichi, akaingia nalo, akaliweka kati ya yale mengine.

Padri alilitazama. "Mama, hili halijaanguka."

"Ndiyo, Baba Padri," mama akasema. "Hata Skola hakuwa ameiva."

Padri akafumba macho. Baba ndiye aliyenyoosha mkono, akalifunika jani la mama kwa majani makavu ya watu. Tangu siku ile mama hakumwita tena Baba Skola. Alimwita Mwalimu, kama walivyomwita watu wa nje, mpaka alipomzika.

Leo naishi Kipawa, ndege zinapita juu ya bati langu, na getini nimeuacha mkungu ingawa majirani wanalalamikia takataka zake. Ukigeuka mwekundu naketi chini yake. Unapendeza, na kuhusu uzuri huo Padri hakutudanganya. Misa nakwenda, rozari nasali. Mwaka jana tulikuwa kwenye sala ya jumuiya, nyumba ya jirani, na mtoto wa nyumba hiyo amelala chumba cha pili anaungua homa. Mwenyekiti wetu akasema tumwachie Mungu, tuendelee. Tukiwa tendo la tatu la rozari nikasimama nikauliza nani ana gari. Walinitazama kana kwamba nimetukana. Gari lilikuwepo, limeegeshwa hapo hapo nje, na mwenyewe alikuwa ameketi kando yangu, funguo mfukoni.

Mtoto yule yu hai. Kila asubuhi anapita getini kwangu na sare zake za shule, ananiamkia, "Shikamoo, Bibi," nami namwitikia kwa furaha. Halafu akishapita hasira inanirudia upya, maana sasa najua ilikuwa kazi ndogo kiasi gani.