Eda ya Swafiya Bila Paa

Swafiya wa Kipungani alikuwa na siku sabini na moja ndani ya eda bahari ilipopanda.

Siku sabini na moja, si mchezo. Mumewe, Jeilani, alikufa kwa homa, akamwachia nyumba ya udongo na makuti, mapande mawili ya ukindu bila mtoto hata mmoja wa kumtaja. Basi Swafiya akakaa chini. Mwanamke mwenye eda hatoki, hajipambi, hatizamwi na mwanamume asiyekuwa wake. Hata mikeka alisuka myeupe tupu, rangi hakuigusa, kwa sababu rangi nayo ni pambo. Akiulizwa haoni dhiki, anajibu kuwa Jeilani hana mwingine wa kumkalia. Basi.

Asubuhi ile ilikuwa bamvua, maji makuu ya mwezi, na kusi lilikuwa limevuma siku tatu bila kupumzika. Maji yakaja kwanza kwenye minazi, watu wakacheka, wakasema yatarudi. Hayakurudi. Yakaingia kijijini, yakafika magotini, halafu kiunoni, na upepo ukayachambua mapaa kama mtu anavyochambua mchicha. Hadi adhuhuri nyumba zilizobaki nzima zilikuwa zinahesabika kwa vidole. Kisima kiligeuka chumvi. Nyumba ya Swafiya ilibaki na ukuta mmoja na nusu.

Alijibanza kwenye ile pembe, na jirani yake Bi Hindu, bibi wa makamo mwenye mdomo mkali na moyo usiokuwa mbali na mdomo, akaja akamtundikia majamvi mawili kama pazia. Bi Hindu alilalamika kuhusu maji, kuhusu kuku wake, kuhusu mgongo, huku mikono haiachi kufunga kamba. Akamwambia pia kwamba shekhe kasema mjane nyumba ikimwangukia ana ruhusa ya kuhama. Swafiya akajifanya hajasikia.

Aliyesikia vizuri ni kakake, Abdulkadir, aliyekaa Lamu mjini. Alikuja siku ya pili na punda. Akasimama upande wa pili wa jamvi akasema mambo yote yako tayari, chumba kipo, na Swafiya ana siku tatu za kujitayarisha. Alisema kwa upole kabisa, na huo upole ndio uliomtia Swafiya baridi. Alijua kuna mzee mjini mwenye wake wawili aliyekwisha kumuulizia. Akipanda punda yule, eda ataimalizia mjini, na siku ya kutoka eda itakuwa karibu na siku ya kuolewa. Kipungani hatarudi tena. Nyumba ya Jeilani itakuwa kichaka.

"Nyumba ikisimama je?" akauliza.

"Ikisimama ndani ya siku tatu, kaa," Abdulkadir akasema, karibu acheke. Kwani nani angemjengea? Kila mtu alikuwa anatafuta paa lake mwenyewe.

Sasa, huko nyuma ya Wiyoni, ukingoni mwa mji wa Lamu, kulikuwa na kanisa dogo. Kanisa ni kusema tu, lilikuwa banda la fito na watu kama ishirini, Wapokomo waliotoka Tana na wengine waliokuwa watumwa wa majumba ya Lamu kabla serikali haijafuta utumwa. Mwalimu wao aliitwa Zakaria. Waliposikia habari za Kipungani wakaomba, halafu wakaacha kuomba wakakata boriti. Wakaja kwa miguu na mapanga, makuti na mitungi ya maji matamu.

Maji yalipokewa. Watu wenyewe, hapana. Kijiji kilikunywa kikiangalia pembeni. Zakaria akauliza ni nani aliyeumia zaidi, na mtu mmoja akamwonyesha kule pembeni, mjane yuko peke yake. Hakusema zaidi. Zakaria hakuuliza zaidi. Kwake yeye mjane ni mtu wa kusaidiwa kwanza, ndivyo alivyofundishwa. Akaenda moja kwa moja, akabisha, na kabla hajajibiwa akainua jamvi.

Swafiya alijifunika uso kwa mikono miwili. Haikusaidia.

Dakika ile ile kijiji kilikuwa pale. Mtu akamsukuma Zakaria, mwingine akautupa mzigo wa makuti matopeni. Zakaria aliomba radhi kwa kila aliye mbele yake bila kuelewa kosa lake ni lipi. Wakafukuzwa mpaka ndiani, kwenye njia ya kutokea kijijini. Na wanawake wakaanza kunong'ona kwamba eda imevunjika, ameonekana, itabidi aanze kuhesabu upya. Shekhe alisema haivunjiki hivyo, lakini nani humsikiliza shekhe wanawake wakishakata shauri? Hata Bi Hindu alikuwa na shaka. Swafiya alilia mara ya kwanza tangu mazishi.

Kesho yake alfajiri mwanamke mmoja alirudi peke yake. Hakuinua jamvi. Alikaa chini, nje, akasema anaitwa Debora, ni wa kanisa lile, na amekuja kwa aibu ya wenzake.

"Mambo haya nayajua, Bi Swafiya," akasema. "Bibi aliyenimiliki mjini alipokaa eda, mimi ndiye niliyesimama mlangoni miezi minne na siku kumi. Nzi dume hakupita."

Swafiya akauliza kama na yeye amewahi kukaa eda.

"Mume wangu alipokufa niliambiwa eda ya mtumwa ni nusu. Hiyo nusu niliikaa nikitwanga mpunga wao."

Kisha Debora akaeleza shauri lake. Majamvi yazungushwe kwanza, pande zote nne. Ndani wafanye kazi wanawake, washone makuti na kukandika udongo. Wanaume wainue boriti wakiwa nje, na wasipite mpaka yeye aseme.

Wakaja kumi na wawili wa kanisa, wanawake kwa wanaume, na kijiji hakikuwazuia, kwa sababu safari hii hakuna aliyeinua jamvi. Debora alisimama kama askari. Akikohoa kuonya kwamba Swafiya anapita, Zakaria na wenzake wanageuka nyuma wote, wengine na boriti begani, na Bi Hindu alipoona hivyo ikamponyoka kicheko, akaingia ndani akashika udongo bila kuombwa.

Siku ya tatu Abdulkadir alifika na punda wake akakuta paa limeezekwa nusu na zaidi. Akauliza ni kazi ya nani. Akaambiwa.

"Heri jua la Mungu kuliko kivuli cha makafiri," akasema. "Toka, twende."

"Ulisema ikisimama nikae."

"Ukikaa chini ya hili, siku utakayotoka eda usitazame ndiani. Hakuna wetu atakayekuja kukupa mkono."

Swafiya alikuwa na mikono ya udongo mpaka kwenye viwiko. Alimpenda kakake, ndiye aliyemlea. Alisubiri sauti yake itulie, kisha akasema, "Nakaa, kaka." Akasikia kwato za punda zikienda, taratibu, kana kwamba mwenyewe anangoja kuitwa. Hakuita.

Siku mia na thelathini zilitimia. Wengine walisema bado, kwa hesabu yao ya kuanzia siku ile jamvi lilipoinuliwa. Bi Hindu ndiye aliyemwogesha, peke yake. Baadaye Swafiya akatandika mkeka sebuleni, akapika kahawa na kaimati za watu thelathini, kama desturi, ili majirani waje kumpa mkono.

Mpaka alasiri hakuna aliyepiga hodi. Ndugu wa mjini hawakuja. Mlango ulikuwa wazi na watu walipita wakitazama miguu yao.

Halafu Debora akatokea, amesimama nje, hajui kama aingie mbele za watu. Swafiya akamwita kwa sauti ya kusikika nyumba tatu. Debora akavua viatu. Bi Hindu aliyekuwa amekaa katikati ya mkeka akamtazama, akatazama mlango, akasogea. Si sana. Nafasi ya mtu mmoja.