Utafiti Usio na Ukoo

Naisenya huongea hata akiwa na dumu la maji mgongoni na kamba imemkaza kipaji cha uso. Ukikutana naye njiani, weka mzigo chini, maana hutapita upesi. Atauliza ng'ombe, atauliza watoto, atauliza yule mbuzi wako aliyevunjika mguu, na mbuzi mwenyewe umeshamsahau. Ndiye mwenye mgahawa kitongojini kwetu, huku juu ya Nainokanoka. Ni kibanda cha mabati chenye mabenchi, chai ya maziwa na mandazi. Asubuhi ukungu ukishuka kibanda hakionekani, watu wanafuata sauti yake.

Mwaka wa uchaguzi ulipofika, alichukua fomu ya kugombea uenyekiti wa kitongoji. Sababu ilikuwa bomba. Tuna bomba moja la maji, na ng'ombe wanakunywa palepale wanawake wanapokinga. Ukiweka dumu, ndama anaweka pua. Naisenya alitaka bomba lizungushiwe uzio, na ng'ombe wapate birika lao pembeni. Alikuwa amelisema hilo kila mkutano, na kila mkutano wazee walimjibu, "Tumesikia." Kwetu mzee akikwambia tumesikia, maana yake nenda nyumbani.

Mpinzani wake alikuwa Supeet, wa rika la Korianga, mwenye pikipiki ya abiria. Ndiyo pikipiki pekee huku kwetu. Supeet hana adui, kwa sababu hakuna anayejua ataugua lini.

Fomu zilitakiwa zirudi ofisi ya kata Ijumaa. Wiki hiyo hiyo ndipo yakaja matokeo ya utafiti.

Mtandao kwetu unashika juu ya jiwe moja lililo nyuma ya mgahawa. Asubuhi ya Jumatatu kijana mmoja, Koinet, alishuka kutoka kwenye jiwe lile akiwa na simu yake ya tachi mkononi, akaingia ndani ameinama kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Yeyo," akamwita, yaani mama, "matokeo yametoka."

"Matokeo gani?" Naisenya alikuwa anageuza mandazi. "Kura zenyewe hazijapigwa."

"Ya utafiti wa mtandaoni. Umeuliza nani anafaa kuwa mwenyekiti wetu. Umo kwenye grupu la wasapu." Akasoma. "Supeet, asilimia tisini na nne. Wasiojua, asilimia nne. Wewe, mbili."

Naisenya akanyoosha mgongo. "Yaani nimeshindwa hata na wasiojua?"

Benchi zima likacheka. Asiyecheka alikuwa Lemayian, shemeji yake, kaka mkubwa wa mume wake. Huyu ndiye mwenye ng'ombe wengi kuliko wote pale bombani. Alikunywa chai yake mpaka mwisho, akapangusa mdomo na shuka.

"Shemeji, hiyo fomu usiirudishe. Boma letu halijawahi kupata mbili ya kitu chochote."

"Nani amefanya huo utafiti?" Naisenya alimuuliza Koinet.

"Haujaandikwa jina. Ni wa siri."

"Ametokea wapi?"

"Mtandaoni."

"Alipokuja alilala kwa nani? Alimsalimia nani? Ni Laizer, ni Mollel, ni nani?"

"Yeyo, huo ni utafiti, si mgeni."

"Umeleta habari, basi ni mgeni."

Na hapo hakusema uongo. Kwetu mgeni hamwagi habari mlangoni. Anakaa, anapewa chai, anaulizwa ni mtoto wa nani na wa ukoo gani, ndipo mnakula habari. Anaanza pale alipoamka. Nani alikuwa mzima, nani anakohoa, mvua iko wapi, nyasi zikoje, njiani ameona nini. Wewe unaitikia tu, ee, ee, na humkatizi. Akimaliza, nawe unampa zako. Anayeleta habari bila ukoo hatumfukuzi, lakini ndama tunawaingiza ndani.

Hivyo ndivyo Naisenya alivyosema kwa mdomo. Lakini mandazi ya siku ile yaliungua, na kesho yake asubuhi alikuwa kimya mpaka watu wawili wakapotea kwenye ukungu, wakapita kibanda wakaenda zao.

Fomu ilikuwa imekunjwa chini ya kopo la sukari. Aliitoa, akaiangalia, akairudisha. Mwishoni akapanda jiwe la mtandao ampigie mume wake. Tobiko ni mlinzi Arusha. Naisenya kwenye simu hupaza sauti kulingana na umbali, na Arusha ni mbali, kwa hiyo kitongoji kizima kilikuwa kwenye mazungumzo. Naye alikuwa ameweka spika.

"Umeuona huo utafiti?"

"Nimeuona," Tobiko akasema. "Hata mimi nilijibu."

"Basi kati ya zile mbili yako imo."

Tobiko akakohoa kwenye spika.

"Tobiko?"

"Nilibonyeza sijui."

"Hujui nini? Tuna watoto wanne!"

"Mke wangu, mtu hawezi kumsifu mke wake mbele za watu."

"Lakini ni siri! Hakuna anayekuona!"

"Mimi nilikuwa najiona."

Chini ya jiwe wanawake waliziba midomo kwa khanga. Naisenya akakaa kitako. "Halafu wewe umejiandikisha kupiga kura huko huko Arusha. Huu utafiti umekuuliza unapiga kura wapi?"

"Haukuuliza. Walinzi wote waliotoka huko nyumbani wamejibu. Lindo ni refu."

Naisenya alishuka akiwa ameanza kuongea tena, na hiyo kwetu ni dalili nzuri. Alimwambia Lemayian kwamba utafiti unahesabu watu wasiopiga kura hapa. Lemayian akafikiri.

"Walinzi ni wachache, shemeji. Hawajazi tisini na nne. Hao wengine ni nani?"

Swali lilikuwa la haki, kwa hiyo Jumatano Naisenya aliamua kumuuliza kila mteja kama alijibu. Tatizo ni kwamba huwezi kumrukia mtu na swali. Lazima kwanza mle habari. Mteja wa kwanza alianza na ng'ombe wake waliokwenda kulamba chumvi, akaja kwenye chui, akaja kwenye meno yake. Mpaka jioni Naisenya alikuwa anajua kila ndama aliyezaliwa upande huu wa nyanda za juu, na kuhusu utafiti alikuwa amepata majibu ya watu wachache tu. Lakini yalitosha kumwonyesha kitu. Wengi wetu tuna vitochi, simu za kupigia na kumulikia. Vitochi haviwezi kujibu utafiti. Aliyepita maboma yote na simu yake, akauliza na kubonyeza kwa niaba ya watu, alikuwa Koinet. Na mama yake Koinet ni dada yake Supeet.

"Mtoto amekuja vizuri," alieleza bibi mmoja wa boma la jirani. "Ameinamisha kichwa kunisalimia, nikamgusa, amekunywa maziwa yangu. Nimwambie usoni kwamba mjomba wake hafai?"

"Kwa hiyo ulimpa Supeet?"

"Nilimpa Koinet jibu la kuondokea. Kura bado ninayo mwenyewe."

Alhamisi Koinet alipokuja kunywa chai, Naisenya alikuwa anamsubiri amesimama. Lemayian alikuwepo, na benchi lilikuwa limejaa kuliko kawaida, maana watu walikuwa wamenusa.

"Ero, kijana, zile asilimia umezipika wewe?"

Koinet aliumia kweli. Ni kijana mwenye adabu, hilo hata maadui wa mjomba wake wangekubali, kama wangekuwepo. "Yeyo, mimi nimebonyeza walichosema. Sikuongeza, sikupunguza. Utafiti nilitumiwa na mtu wa Karatu, naye alitumiwa. Mwenyewe simjui. Kama mnaona naongopa, nitawafungulia. Chini kuna mahali pa maoni, wengine walitaka niandike."

"Soma."

Alikwenda nyuma kwenye jiwe, akafungua, akarudi mbio kabla ukurasa haujapotea. Maoni mengi yalikuwa mafupi. Barabara. Barabara. Mbwa wa jirani. Kisha akafika kwenye moja, akasita.

"Hii ni ndefu kidogo. Ya mzee Sitonik."

"Si umesema ni ya siri?" Lemayian akauliza.

"Ni ya siri, Papa. Imeandikwa usiandike jina. Nilimweleza. Akasema yeye hana tabia ya kuongea na watu bila kujitaja, hakulelewa hivyo."

"Soma basi."

Koinet akasafisha koo.

"'Mimi ni Sitonik, Laizer. Nimeamka mzima. Usiku fisi alilia lakini hakuingia. Yule ng'ombe mwekundu amezaa, amezaa jike. Mke wangu mdogo alikuwa na kikohozi, amepewa dawa, anaendelea vizuri isipokuwa hasira. Mvua imegusa upande wa Bulati, kwetu bado. Nyasi zipo ila fupi. Hizo ndizo habari zangu. Na wewe unayeuliza, kwako hawajambo?'"

"Akajibiwa?" mtu mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Hakujibiwa. Mzee alisubiri sana, akasema huyo mtu hana adabu." Koinet akaendelea kusoma. "'Kuhusu uenyekiti, namtaka Naisenya, kwa sababu nimechoka kunywa maji yenye mate ya ng'ombe wa Lemayian. Lakini kijana huyu anayeandika ni mtoto wa dada yake Supeet, tena ni kijana mwenye heshima, kwa hiyo abonyeze Supeet.'"

Kila mtu alikuwa anaogopa kuwa wa kwanza kucheka. Halafu wakacheka wote, benchi likainuka upande mmoja na chai ya mtu ikamwagika.

"Mate ya ng'ombe wangu," alisema Lemayian.

"Ndivyo alivyosema, Papa."

"Na ukayaandika?"

"Alitaka nimsomee nilichoandika. Mara ya kwanza niliruka habari ya fisi, akanirudisha mwanzo kabisa."

"Na ukabonyeza Supeet?"

"Ndivyo alivyoagiza."

Naisenya alikuwa ameshavua aproni na anaipunga hewani. "Mmesikia! Mmesikia wenyewe! Kwa hiyo zile tisini na nne zote ni zangu! Walimwonea haya mtoto tu. Nimeshinda! Nimeshinda kabla ya—"

"Shemeji." Lemayian aliinua mkono. "Mzee mmoja ameongea. Wengine wote umewasikia? Na wewe sasa unaleta habari isiyo na ukoo."

Naisenya akashusha aproni. Ilimchukua muda kuikubali, ilionekana kwenye taya.

"Kwa hiyo hatujui," akasema.

"Hatujui. Wanaompenda Supeet kweli wamo, wanaokupenda wamo, wote wamechanganywa kama mbuzi wa maboma mawili kwenye njia moja. Utafiti umewahesabu vichwa bila kuangalia masikio."

Kwetu mbuzi hujulikana kwa alama ya sikio. Hata watoto waliielewa.

"Sasa nirudishe fomu au nisirudishe?"

Lemayian alitazama chini ya kikombe kana kwamba jibu lilibaki na majani ya chai. Maneno ya Sitonik yalikuwa bado yanamwasha. "Rudisha," akasema. "Lakini huo uzio uwe mbali na njia ya ng'ombe wangu. Na mwambieni Sitonik kwamba ng'ombe wake nao wana mate."

Usiku ule mvua ilifika kwetu. Ijumaa njia ya kwenda ofisi ya kata ilikuwa imegeuka uji. Kwa miguu Naisenya asingewahi kabla ofisi haijafungwa. Gari hakuna. Alisimama mlangoni na fomu ndani ya mfuko wa nailoni, akaangalia huku na huku, na kilichokuja kikiserereka kutoka kwenye ukungu kilikuwa pikipiki ya Supeet.

Walitazamana.

"Takwenya, Yeyo," Supeet akasalimu.

"Iko," Naisenya akaitikia.

"Unakwenda wapi?"

"Unajua ninakokwenda."

"Panda basi. Abiria ni abiria."

Akapanda, akajifunga shuka, akakamata bega la mpinzani wake. Yaliyosemwa njiani Naisenya ameyasimulia mgahawani mara nyingi, na Supeet akiwepo hapingi, kwa hiyo nayaandika. Walianguka mara moja kwenye tope, wakainuka. Wakati wanakwangua udongo, Supeet akasema, "Yeyo, ule utafiti ulinitia hofu."

"Wewe? Wewe mwenye tisini na nne?"

"Ndiyo sababu. Hata mama yangu mzazi hanipendi kiasi hicho. Nimewaacha watu wangapi njiani mafuta yakiisha? Nikajiuliza, mtu akikupa dume bure, anataka malisho gani? Wiki nzima sijalala. Fomu yangu hii hapa, sijairudisha. Nilikuwa nazunguka nayo tu."

"Na leo ulikuwa unakwenda wapi?"

"Nilikuwa sijaamua. Ndipo nikakuona mlangoni."

Naisenya alicheka mpaka akakaa tena kwenye tope. Kisha, hapo hapo barabarani, akamsimulia fisi, kikohozi, ng'ombe mwekundu na mate, kwa mpangilio ule ule, bila kuruka.

Ofisini walimkuta Bernadina, mtendaji wa kata, Mwiraqw wa Mbulu, anatafuta funguo afunge. Aliwatazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu, na viatu havikuonekana.

"Wagombea wawili, pikipiki moja?"

"Ndiyo iliyopo," alisema Naisenya, akatoa fomu yake kwenye nailoni, kavu kabisa, akaiweka mezani.

Supeet alikuwa bado ameshika ya kwake kifuani. "Yeyo, kwa kweli na mimi nirudishe?"

"Rudisha! Nikibaki peke yangu, huyo mtu wa mtandaoni ataandika nimepata mia."

Supeet akaweka fomu yake juu ya ile ya Naisenya. Naisenya akaichomoa ya kwake, akaiweka juu.