Fundi Anayepima kwa Usingizi

Fundi wa viyoyozi hana haraka na mtu. Akifika huvua viatu mlangoni, hupangusa viganja vyake vipana kwenye suruali, hufungua kifuniko cha mashine na kupuliza vumbi taratibu, kama anayepoza chai. Kisha huomba rimoti, hujibwaga kwenye kochi chini ya kiyoyozi na kufumba macho. Hicho ndicho kipimo chake: akipitiwa na usingizi, mashine nzima; akikosa, inunuliwe nyingine. Mama mwenye nyumba amekivumilia kipimo hicho miaka minne, huku kiyoyozi kikinguruma kama mashine ya kusaga na kudondosha maji juu ya televisheni, kwa sababu kila mara fundi hukoroma, na mumewe hufurahi: "Si unaona? Bado kizima!"

Safari hii mama alingoja mkoromo wa kwanza, akanyata mpaka ukutani, akazima swichi ya kiyoyozi. Mumewe alifungua mdomo. Mama akamwekea kidole mdomoni. Wakangoja, jasho likiwatiririka. Fundi naye alilowa, shati likamganda kifuani, lakini mkoromo ndio kwanza ukanoga. Baada ya nusu saa akaamka, akajinyoosha, akajisugua mikono. "Mzee, hiki kitawazika nyote," akasema. "Baridi yake imenipenya mpaka mifupani."

Mume aliitazama swichi, akamtazama mkewe, akajifuta paji la uso. "Fundi, kesho tunanunua kipya."

"Hewala," fundi akajibu, akiupigapiga mto wa kochi. "Nitakuja kukipima."