Picha ya Taa za Cherehani

Mpiga picha wetu alikuwa mwanamke wa shoka, na kwa kupanda juu hakuwa na mpinzani. Paa, mnara wa tangi, mgongo wa lori: popote palipoonekana vizuri ungemkuta, kamera shingoni, anagombana na mtu aliye chini. Mpaka siku alipoteleza kwenye ngazi akavunjika mguu. Tangu hapo akawa mtu wa picha za pasipoti, kazi ya kukaa kwenye stuli na kuwaambia watu wafunge midomo. Ilikuwa kazi ya halali, lakini ilimkaba roho.

Basi kiwanda cha kushona sare kikamwita. Mwenye kiwanda alitaka picha moja ya mafundi wote jioni, taa kubwa zimezimwa, kila fundi na taa yake ndogo ya cherehani. Ipigwe kutoka juu, na flashi marufuku, maana ingefuta uzuri wote. Mwanamke akakubali hata kabla ya kuambiwa malipo. Moyoni alishajiapiza: ikitoka safi, anarudi juu, ikitoka na ukungu, basi, ni stuli na pasipoti mpaka uzeeni.

Mumewe, seremala, alinuna mchana kutwa, kisha akawa wa kwanza kupakia vifaa. Jukwaa walilopewa lilikuwa la wapaka rangi, mabomba yaliyounganishwa na mbao juu yake. Mke alipopanda, mume akalikumbatia bomba la chini kama aliyekamata mwizi.

Taa zikazimwa. Jamani, palipendeza. Ila gizani kamera huacha jicho wazi kwa muda ili ishibe mwanga, na ukitikisika hapo, imekula kwako. Akapiga: ukungu. Akaomba mashine zote zisimamishwe, taa tu zibaki zinawaka, akapiga tena: ukungu. Akaichomoa kamera kwenye stendi yake ya miguu mitatu, akaibana kifuani, akalegeza magoti, akatoa pumzi, akabonyeza kwa upole. Wapi! Kila taa imeota mkia. Huko chini fundi mmoja akanong'ona kwamba huenda mama anahitaji miwani. Watu wana midomo.

Jasho likamtoka. Akaulaumu mguu wake, akaamini ndio unaotetemeka, na akaogopa kweli. Kuanguka hakukumtisha, kilichomtisha ni kushuka mikono mitupu. Akaweka kiganja gotini: pametulia tuli. Akagusa mbao. Mbao ndizo zilizokuwa zikitetemeka, basi akachungulia chini.

Mumewe alikuwa amelikaba bomba kwa nguvu zake zote, meno ameyauma, mikono inamtetemeka mpaka mabegani. Mtikisiko wote ulikuwa unapanda kutoka kwake.

"Mume wangu," akamwambia taratibu, "niachie."

"Siku ile ya ngazi sikuwepo," mume akajibu bila kuinua kichwa. "Leo nipo."

"Najua upo. Achia tu."

Kiwanda kizima kilisikia. Seremala akafungua kidole kimoja kimoja, akarudi nyuma mpaka akagota kwenye meza ya mbele, mikono ameinua juu kabisa ili mkewe aone kwamba hagusi kitu. Jukwaa likatulia. Mke akatoa pumzi, akabonyeza.

Alipotazama kioo cha kamera, nyuso zote zilikuwepo, mpaka uzi kwenye sindano ya fundi wa mbele. Akacheka peke yake huko juu, na machozi yakamlengalenga.

Mwenye kiwanda naye alifurahi kupita kiasi, akasema hiyo itawekwa kwenye bango, na kwamba kuna ghala lake jipya linalohitaji kupigwa kutoka juu. Kisha akagusa kona ya picha, akauliza huyu aliyeinua mikono kama katekwa ni nani, na kama anaweza kukatwa.

"Huyo hakatwi," mpiga picha akasema. "Asingeinua hiyo mikono, usingeona uso wa mtu hata mmoja."